Majirani wa Kale wa Ziwa Turkana

Ile picha umeiona. Kushoto kuna sokwe aliyeinama, mikono yake karibu iguse ardhi. Mbele yake kuna mwenzake aliyeinuka kidogo, halafu mwingine aliyeinuka zaidi, hadi kulia kabisa ambapo mwanamume amesimama wima, anatembea kama mtu anayejua anakoenda. Iko kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye matangazo. Kuna hata toleo la utani ambapo yule wa mwisho ameinama tena, safari hii mbele ya kompyuta. Picha ya asili ilichorwa na Rudolph Zallinger kwa ajili ya kitabu kilichochapishwa Marekani mwaka 1965, na ilikuwa na viumbe 15 katika msafara mmoja.

Sisi tuliopitia 8-4-4 tuliipata picha hiyo hiyo kwa maneno. Kidato cha Kwanza, somo la Historia na Serikali, orodha ilikuwa ya kukariri: Australopithecus, Homo habilis, Homo erectus, Homo sapiens. Ukiulizwa unaitaja kwa mpangilio, kila mmoja na sifa zake. Ilikuwa kama mbio za kupokezana vijiti. Mmoja anakimbia sehemu yake, anampa mwenzake kijiti, anatoka uwanjani. Hakuna mahali ambapo wawili wanakimbia pamoja. Na anayekata utepe ni sisi, bila shaka.

Ajabu ni kwamba baadhi ya ushahidi mzito zaidi dhidi ya hadithi hiyo haukutoka mbali. Ulitoka hapa Kenya, kwenye mawe na mchanga wa Ziwa Turkana, na unahifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa. Nataka kuusimulia polepole. Ukiufuata hatua kwa hatua, unafika mahali ambapo swali la "nani alimfuata nani" linapungua uzito, na swali la "nani aliishi na nani" linaanza kusumbua.

Kwanza tuitendee haki ile orodha, maana ilitetewa na watu wenye akili zao timamu. Mwaka 1950 Ernst Mayr, mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa karne iliyopita, alipendekeza kwamba visukuku vyote vya upande wetu viwekwe katika jenasi moja tu, Homo, na kwamba wakati wowote ule duniani palikuwa na spishi moja tu ya aina yetu. Baadaye wanaanthropolojia wa Marekani, Loring Brace na Milford Wolpoff wakiwa mbele, waliikuza hoja hiyo ikaitwa nadharia ya spishi moja.

Mantiki yake mswahili angeielewa haraka: mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika ikolojia, spishi mbili zinazotegemea riziki ile ile, mahali pale pale, kwa njia ile ile, hazidumu pamoja. Moja itaishinda nyingine. Na riziki ya binadamu, walisema, ni utamaduni wenyewe: kutengeneza zana, kufundishana, kushirikiana. Kiumbe mwenye utamaduni anaweza kula chochote na kuishi popote, kwa hivyo hawezi kumwachia mwenzake nafasi. Na kama utaokota fuvu moja lenye uso mpana na taya nene, na lingine jembamba, usikimbilie kusema ni spishi mbili. Angalia sokwe wakubwa wa msituni, wale gorila. Dume na jike wanatofautiana sana, lakini ni spishi moja.

Uzuri wa nadharia hii ni kwamba ilijiweka wazi kushindwa. Ilitosha kuleta mafuvu mawili ya wakati mmoja na eneo moja, yanayotofautiana kiasi kwamba hakuna mtu angeweza kusema ni mume na mke.

Fununu zilikuwapo tayari kwa majirani zetu. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu lenye magego makubwa mno pale Olduvai, Tanzania. Mwaka 1964 visukuku vingine vya bonde hilo hilo, vyenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi, vikapewa jina Homo habilis. Lakini habilis alikuwa vipande vipande, na vipande huacha nafasi ya ubishi.

Basi mwaka 1969 Richard Leakey alikuwa akizunguka na ngamia upande wa mashariki wa ziwa, eneo la Koobi Fora, akaona fuvu limelala juu ya ardhi. Lilisajiliwa kwa jina KNM-ER 406. Herufi hizo zinamaanisha makavazi ya Kenya na Rudolf ya Mashariki, kwa sababu wakati huo ziwa bado lilikuwa na jina walilolipa Wazungu, kabla ya kuitwa Turkana mwaka 1975. Fuvu hilo halina haja ya mtaalamu kulieleza. Uso ni mpana na umebonyea katikati kama sahani. Mifupa ya mashavu imetokeza pembeni na mbele. Juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa kama kishungi, mahali ambapo misuli ya kutafunia ilishikilia. Ubongo ulikuwa wa sentimita za ujazo 510 hivi, yaani ungejaza chupa ya soda ya nusu lita. Huyu ni Paranthropus boisei, ndugu wa yule wa Olduvai.

Miaka sita baadaye, mwaka 1975, Bernard Ngeneo, mmoja wa Wakenya waliofanya kazi ya kutafuta visukuku huko, aliona kipande cha mfupa kikichungulia kutoka ardhini. Kilichochimbuliwa ni KNM-ER 3733. Fuvu la mviringo, halina kishungi kabisa, nyusi zina mfupa mnene, pua imeinuka, na ubongo ni wa sentimita za ujazo 850 hivi. Huyu ni Homo erectus wa mapema, ingawa wataalamu wengine humwita Homo ergaster.

Ukiyaweka mafuvu hayo mawili mezani, unaona kwa nini ubishi uliisha. Yalitoka kwenye tabaka za Koobi Fora zilizokaribiana umri, kati ya miaka milioni 1.6 na 1.8 iliyopita. Moja limejengwa lote kwa ajili ya kutafuna. Lingine limejengwa kuzunguka ubongo. Dume wa spishi anaweza kuwa mkubwa kuliko jike, sawa, lakini hapa hatuzungumzii ukubwa tena. Mwaka 1976 Richard Leakey na Alan Walker waliyachapisha pamoja katika jarida la Nature, na kichwa cha makala yao kilitaja waziwazi ile nadharia ya spishi moja. Kwa Afrika Mashariki ya wakati huo, nadharia ilizikwa hapo. Mafahali wawili walikuwa wamekaa zizi moja, tena kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Mtu angeweza kujibu: haya, kulikuwa na wawili. Mmoja ni wa pembeni, mtafunaji, aliyeishia njiani. Mwingine ni sisi. Ngazi yetu bado imesimama, ila ina tawi moja kando. Wengi waliridhika na jibu hilo. Lakini Koobi Fora haikuwa imemaliza kusema.

Rudi nyuma kidogo, mwaka 1972. Ngeneo huyo huyo aliona vipande vidogo kwenye mteremko wa korongo. Vilikusanywa vipande zaidi ya 150, na Meave Leakey akawa mmoja wa waliokaa kuviunganisha wiki baada ya wiki. Lilipokamilika, fuvu KNM-ER 1470 lilikuwa na ubongo wa sentimita za ujazo 750 hivi na uso mrefu uliolala tambarare. Halafu ikaja tarehe: majivu ya volkano yaliyokuwa juu ya tabaka lake yalikuwa yamepimwa na kupewa umri wa miaka milioni 2.6. Kwa hivyo 1470 alikuwa mzee zaidi ya hapo. Ubongo mkubwa vile, mapema vile? Dunia nzima iliandika.

Waliotatua suala hilo ni nguruwe. Nguruwe wa kale walibadilika haraka, hasa magego yao yaliyozidi kurefuka, kwa hivyo ukijua nguruwe wako ni wa hatua gani, unajua uko wakati gani. Basil Cooke na wenzake walipolinganisha nguruwe wa Koobi Fora na wale wa bonde la mto Omo, Ethiopia, hesabu zilikataa. Nguruwe wa Koobi Fora walikuwa wa siku za karibu zaidi. Majivu yakapimwa upya, na umri ukashuka hadi chini kidogo ya miaka milioni 1.9. Leo 1470 anakadiriwa kuwa na miaka karibu milioni 2.

Mwaka 1973 Kamoya Kimeu alipata fuvu lingine, KNM-ER 1813. Nalo ni la Homo kwa sura yake, lakini ni dogo: ubongo wa 510, uso mfupi, meno madogo. Sasa swali la mume na mke likarudi. Je, 1470 ni dume na 1813 ni jike wa spishi moja, habilis? Au ni spishi mbili? Jibu lilikosekana kwa miaka karibu 40, kwa sababu 1470 alikuwa peke yake. Fuvu moja lenye sura ya ajabu linaweza kuwa la mtu mmoja mwenye sura ya ajabu. Hata mtaani kwenu yupo.

Kati ya mwaka 2007 na 2009 timu ya Koobi Fora ilipata uso mwingine, KNM-ER 62000, pamoja na taya za chini. Ulikuwa uso wa mtoto wa takriban miaka minane, na ulipatikana si zaidi ya kilomita 10 kutoka alikookotwa 1470. Umbo lake lilikuwa lile lile la uso mrefu na tambarare, ila dogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, Meave Leakey na Fred Spoor wakiwa miongoni mwa waandishi. Kama mtoto mdogo ana umbo la 1470, basi umbo hilo halitokani na ukubwa wa dume. Ni sura ya ukoo. Wengi humwita ukoo huo Homo rudolfensis, jina la zamani la ziwa likiwa limebaki hapo.

Hesabu basi. Karibu miaka milioni mbili iliyopita, kuzunguka ziwa moja, kuna boisei mwenye kishungi, kuna ukoo wa 1470, kuna ukoo wa 1813, na muda si mrefu erectus naye yupo. Si tawi moja kando ya ngazi tena. Tuko kwenye kichaka, na shina kuu halionekani.

Pigo la moja kwa moja kwa orodha yetu ya Kidato cha Kwanza lilikuja mwaka 2007. Miaka saba kabla ya hapo, kule Ileret, mashariki mwa ziwa, vilipatikana visukuku viwili. Kimoja ni fuvu la Homo erectus la miaka milioni 1.55 iliyopita, lililoonwa na Fredrick Manthi, Mkenya ambaye ni mwanasayansi wa Makavazi. Ni dogo kushangaza kwa erectus. Kingine ni kipande cha taya ya juu ambacho waandishi walikihusisha na Homo habilis, cha miaka milioni 1.44. Ona tarehe hizo. Habilis, ambaye kwenye daftari alishampa erectus kijiti na kutoka uwanjani, bado yuko, na ni wa baadaye kuliko erectus yule. Waandishi walikadiria kwamba wawili hao waliishi pamoja eneo hilo karibu nusu milioni ya miaka. Inawezekana erectus alichipuka kutoka kwa kundi fulani la habilis mahali fulani, hilo halijafutwa. Kilichofutwa ni ile picha ya spishi nzima kugeuka kuwa spishi nyingine kama mtu anavyobadilisha shati.

Utasema labda huo ulikuwa msimu wa vurugu tu, na kwamba ukirudi mbali zaidi utamkuta babu mmoja wa wote. Kwa muda mrefu babu huyo alidhaniwa kuwa Australopithecus afarensis, spishi ya Lucy, aliyepatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Lucy ana miaka karibu milioni 3.2. Halafu mwaka 1999, pale Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, Justus Erus aliona fuvu lililopasukapasuka. Umri wake ni miaka milioni 3.5. Uso ni bapa, meno ni madogo kuliko ya jamaa za Lucy. Mwaka 2001 Meave Leakey na wenzake walimpa si jina la spishi tu bali la jenasi mpya: Kenyanthropus platyops, yaani mtu wa Kenya mwenye uso bapa.

Hapa ubishi ni wa kweli na haujaisha. Mwaka 2003 Tim White alionya kwamba mawe na udongo ulioingia kwenye nyufa ulilivimbisha fuvu hilo na kulipotosha, na kwamba huenda tunaona afarensis aliyepondwa. Spoor na wenzake walijibu mwaka 2010 kwa kupima taya ya juu, sehemu iliyopotoka kidogo zaidi, wakasema bado haiingii kwa afarensis. Mimi sina vifaa vya kuamua kati yao. Ninachoweza kusema ni kwamba Lomekwi haisimami peke yake. Mwaka 2012 Ethiopia ilitoa mifupa ya mguu wa miaka milioni 3.4 yenye kidole gumba cha kushikia matawi, wakati jamaa za Lucy walikuwa na mguu wa kutembea chini. Na mwaka 2015 iliripotiwa kwamba Lomekwi hiyo hiyo kuna zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kuliko Homo yeyote tunayemjua. Nani alizigonga? Hakuna mfupa ulioshika jiwe mkononi. Wenye mikono walikuwa zaidi ya mmoja.

Sasa turudi kwa wale mafahali na zizi lao, maana methali bado inadai jibu. Waliwezaje kukaa pamoja bila kumalizana?

Sehemu ya jibu iko kwenye meno. Nyasi za nchi zenye joto, pamoja na mafunjo na ndago, hubeba kaboni kwa uwiano tofauti na matunda na majani ya miti. Mahindi na miwa ni wa kundi hilo la nyasi. Ukila, uwiano huo unaandikwa kwenye enameli ya jino na haufutiki hata baada ya miaka milioni moja na nusu. Mwaka 2011 timu ya Thure Cerling, ikiwa na Wakenya Emma Mbua na Fredrick Manthi, ilipima meno ya boisei. Kiumbe huyu alikuwa amepewa jina la utani la mpasua njugu kwa sababu ya taya lake. Kumbe karibu asilimia 77 ya chakula chake kilitokana na nyasi na jamaa zake. Alikuwa mla nyasi kama ng'ombe au pundamilia, na yale magego yalikuwa ya kusaga siku nzima. Homo wa wakati huo walikula mchanganyiko. Kwa hivyo zizi lilikuwa moja lakini hori hazikuwa moja. Nadharia ya spishi moja ilikosea ilipodhani kwamba kila anayetembea kwa miguu miwili anatafuta riziki ile ile.

Sehemu nyingine ya jibu ilipatikana mwaka 2021 huko Koobi Fora na kuchapishwa mwishoni mwa 2024 katika jarida la Science. Ni nyayo kwenye tope la kale la ufuo, lililogeuka mwamba, la miaka milioni 1.5. Kevin Hatala na wenzake, Louise Leakey akiwamo, walichunguza mstari wa nyayo za kiumbe mmoja aliyekuwa akitembea, na nyayo nyingine chache zinazokatiza njia yake. Maumbo hayafanani. Nyayo hizo chache zinafanana na zetu: kisigino, uvungu, kidole gumba kilichotulia. Zile za mstari ni bapa zaidi, na kidole gumba kinachezacheza. Watafiti wanaona erectus ndiye aliyeacha zile zinazofanana na zetu, na boisei ndiye wa ule mstari. Na tope halisubiri. Alama hizo zilikanyagwa ndani ya saa au siku chache, kabla hazijakauka na kufunikwa.

Mafuvu hutuambia "wakati mmoja" kwa maana ya miaka elfu kadhaa huku na kule. Tope linasema: wiki hiyo hiyo.

Kuna jambo moja kuhusu ngazi ambalo mifupa peke yake haiwezi kulisema. Ngazi haikuanza kama kosa dogo la mchoraji. Karne ya 19 vitabu vya kisayansi vya Ulaya na Marekani viliwapanga watu walio hai kwa ngazi, Mzungu juu, Mwafrika chini karibu na sokwe, na mpangilio huo ukatumika kuhalalisha utumwa na ukoloni. Tabia hiyo tumeirithi nasi na kuigeuzia majirani zetu. Turkana inaitwa nyuma. Watalii huambiwa kwamba kwenda huko ni kurudi zamani, kana kwamba mchungaji wa Lodwar mwenye simu mfukoni anaishi kwenye tabaka la majivu. Si ajabu watu wa kaskazini bado husema wanaenda Kenya wanapopanda basi la Nairobi. Ukiamini kwamba historia ni ngazi, lazima umtafute wa kumweka chini yako.

Na waliotuonyesha kwamba si ngazi ni akina nani? Bernard Ngeneo. Justus Erus. Kamoya Kimeu, aliyezaliwa Ukambani mwaka 1938, akasoma shule ya msingi tu, akaanza kazi na akina Leakey Olduvai mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba. Ni yeye aliyeona, mwaka 1984 kule Nariokotome, kipande kidogo cha fuvu chenye rangi ya mawe yaliyokizunguka. Kilikuwa mwanzo wa mifupa ya kijana wa Homo erectus aliyekamilika kuliko wote waliokuwa wamepatikana. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kilimpa shahada ya heshima mwaka 2021, mwaka mmoja kabla hajafa. Alikuwa na miaka zaidi ya 80.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa. Mtu akiniuliza, haulizi ninajua nini, anauliza "ulifika wapi?" Ni lugha ya ngazi ile ile. Nilipomsoma Kamoya nilichopenda zaidi si ile shahada ya uzeeni. Ni maelezo ya kazi yenyewe: mtu anatembea polepole juani, siku baada ya siku, kati ya mamilioni ya mawe meusi, na anaweza kutambua lile moja ambalo si jiwe. Hakuna kidato kinachofundisha jicho hilo.

Leo tumebaki spishi moja, na kwa sababu hiyo tunadhani ndivyo ilivyokuwa daima. Lakini upweke huu ni wa juzi. Wakati Homo sapiens tayari wapo Afrika, kulikuwa na Waneanderthal Ulaya, Wadenisova Asia, na watu wafupi wa kisiwa cha Flores, Indonesia. Waneanderthal walitoweka miaka karibu 40,000 iliyopita. Ukipima dhidi ya miaka milioni tatu na nusu ya Lomekwi, hilo ni jana jioni.

Kama ningepewa ukurasa ule wa Kidato cha Kwanza niuandike upya, majina yote yangebaki. Ningeondoa mishale kati yao tu, niweke ramani ya ziwa, na kila jina liandikwe mahali lilipopatikana na pembeni yake jina la aliyelipata. Halafu chini ningeacha nafasi ya mwanafunzi kujibu swali lisilo na jibu kwenye kitabu cha mwalimu: erectus aliyefika ufuoni na kukuta tope bado bichi lina nyayo za miguu miwili, pana na bapa, si zake wala za ndugu zake, aliziangalia akafikiri nini?